Chai ya Msimulizi

Khamtau, 4 Machi 2013

Mjukuu wangu A-Yin,

Usinipigie simu tena. Sikusikii. Nasikia mtu anakoroma ndani ya bomba, halafu shangazi yako ananiambia kwamba huyo ni wewe unanisalimia. Andika barua. Macho yangu bado mazima, na yule wa posta hana kazi nyingine hapa mjini.

Nina hasira, na nikiwa na hasira mwandiko wangu hunyooka, kwa hiyo utausoma bila shida. Ukumbi wetu wa sinema wa Tai-hong umekarabatiwa. Paa jipya, viti vipya, hata ile harufu ya mkojo pale ngazini wameiondoa, sijui kwa dawa gani. Utafunguliwa Sikukuu ya Mwezi, na kwenye ukuta wa mlangoni watachonga majina ya wasimulizi wote waliowahi kusimama mle ndani. Nikaenda kuuliza. Mimi simo.

Unajua mimi ni nani, ila nikukumbushe, maana Taipei imekusahaulisha mengi. Filamu zilikuja na lugha zake, Kiingereza, Kijapani, Kimandarini, na watu wa hapa walikuwa na Kihokkien chao tu. Nani aliwaambia kinachosemwa? Mimi, nimesimama kando ya skrini na kipaza sauti. Wanaume wenye shingo nene wamelia kwa sauti yangu. Babu yako aliipenda sauti kabla hajaiona sura. Alipokuja kuiona pua hii alikuwa ameshachelewa.

Mwenyekiti wa kamati ni Mwalimu Lau Ping-hui, yule anayetembea kama amebeba trei ya mayai. Anasema msimulizi alikuwa baba yake, marehemu Lau Thian-sai, na kwamba mimi nilikuwa muuza mbegu za tikiti mlangoni. Mbegu za tikiti, A-Yin. Anataka ushahidi. Nyinyi watu wa maktaba si ndio mnaofuga ushahidi? Nitafutie wangu.

Kaburini sitalisoma jina langu. Nataka nipite pale asubuhi nikienda kununua tofu, nilisome kwa macho yangu.

Bibi yako,
Ong Bi-kiok


Taipei, 17 Machi

Shikamoo Bibi,

Barua yako nimeisoma kazini, nikacheka mpaka mkuu wangu akaja kuuliza kuna nini. Nimemwambia bibi yangu amenipa kazi, na kazi ya bibi inatangulia ya chuo.

Tutafanya hivi. Maktaba yetu imelipia hifadhidata kadhaa, yaani maghala ya habari ndani ya kompyuta. Moja ni ya filamu: jina la filamu, aliyeiongoza, waliocheza. Nyingine ni ya magazeti ya zamani, kurasa zote zimepigwa picha. Ya tatu ni ya habari za televisheni tangu kituo cha kwanza kilipoanza. Ukijua cha kuuliza, yanajibu. Usipojua, yanakukodolea macho tu.

Nimeanza na jina lako kwenye ghala la filamu. Hakuna kitu. Basi niambie filamu moja uliyoisimulia, unayoikumbuka vizuri kuliko zote. Nikiipata, nitajua ilionyeshwa lini, kisha nitafungua magazeti ya siku hizo.

Kula vizuri, na mwambie shangazi karanga zimefika.

Mjukuu wako,
Tsai Ju-yin


Khamtau, 29 Machi

Marahaba mjukuu wangu,

Karanga hazikuwa za kula peke yako. Mkuu wako umemgawia? Mgawie.

Filamu ninayoikumbuka ni ya A-Hok na mama yake. A-Hok ni kijana wa treni, anatia makaa. Mama yake alipotezana naye sokoni akiwa mdogo, na kwa miaka yote hiyo mama anatembea stesheni kwa stesheni anamuulizia. Yeye A-Hok ana mchumba, Siok-lan, msichana mwenye mdomo mchafu lakini moyo safi. Mwishoni mama anamkuta kijana kwenye ngazi za nyumba ya kupanga, anamshika kola ya shati, anamkaripia kwa kukaa muda wote huo bila kumtafuta. Kisha wanakwenda nyumbani wanakula. Ukumbi mzima ulikuwa unalia. Tuliiita Mama wa Stesheni Tano.

Majirani bado wananitaka niisimulie. Siku hizi nikitazama tamthilia kwenye televisheni sisikii neno hata moja, basi naisimulia mwenyewe kwa namna ninavyoiona, na A-Chu wa jirani anasema yangu ni nzuri kuliko ya wenyewe. Amezima televisheni kwake, anakuja kutazama kwangu.

Tafuta hiyo.

Bibi


Taipei, 22 Aprili

Shikamoo Bibi,

Sijui nianzeje. Mama wa Stesheni Tano hayupo. Nimetafuta kwa jina la filamu, kwa treni, kwa mama na mwana, kwa A-Hok, kwa Siok-lan. Nimeuliza filamu za Kihokkien, za Kimandarini, za Kijapani. Nimemwomba na mwenzangu anayefundisha historia ya sinema. Anasema hajawahi kuisikia, na huyo anazijua hata zilizoungua.

Nimepitia pia matangazo ya Ukumbi wa Tai-hong kwenye gazeti la kusini. Yanataja saa na filamu, hayataji msimulizi yeyote.

Usinikasirikie, Bibi. Inawezekana hiyo ni hadithi uliyoisikia mahali pengine? Au kwamba ulikuwa ukiwasikiliza wasimulizi kila siku pale mlangoni, na kwa miaka mingi mambo yakachanganyika? Hata mimi kuna vitu vya utotoni nadhani niliviona, kumbe nilisimuliwa tu.

Mjukuu wako,
Ju-yin


Taipei, 20 Mei

Bibi,

Nilikuandikia, hukujibu. Nikatuma sweta, hukujibu. Shangazi anasema u mzima, unakula, na sweta umempa A-Chu.

Nilikosea kukuuliza vile. Niandikie hata tusi.

Ju-yin


Khamtau, 3 Juni

Kwa Bi Ong Bi-kiok,

Kwa heshima. Kamati inapenda kukukumbusha kwamba fundi wa mawe ataanza kazi mwishoni mwa Agosti. Endapo hautapatikana ushahidi wa picha au maandishi, hatutaweza kuchonga jina ambalo halijathibitika.

Naomba usilichukue jambo hili kwa ubaya. Mimi nilikulia katika ukumbi ule. Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa tayari namwekea baba taa na kummiminia chai pale kando ya skrini, kama mwanafunzi anavyommiminia mwalimu wake na si mtu mwingine yeyote. Nilikuwepo kila jioni. Wewe nilikuona mlangoni na kikapu cha mbegu, na mbegu zako zilikuwa nzuri. Nasema nilichokiona.

Wako mtiifu,
Lau Ping-hui


Khamtau, 10 Juni

A-Yin,

Umetaka tusi. Wewe ni punda mwenye shahada mbili. Sasa tuendelee.

Ninakutumia barua ya huyo mwana wa Lau uone ninavyofanywa. Mbegu zangu zilikuwa nzuri, anasema. Nilimpa za bure akiwa na kamasi.

Niliumia, sitaficha. Si kwa ajili yake, ni kwa ajili yako. Yeye nilimtarajia. Wewe umelala kwenye mapaja yangu ukinisikia nasimulia, halafu unaniambia nilichanganyikiwa mlangoni. Nilikaa na barua yako wiki kadhaa, kila nikianza kuijibu nachana karatasi. Sasa yamekwisha. Sweta A-Chu amerudisha, linambana.

Matangazo hayatutaji kwa sababu wakubwa wa wakati ule hawakutaka Kihokkien kwenye kipaza sauti. Mwenye ukumbi alikuwa na akili, hakutangaza kitu ambacho polisi wangekuja kukikataza.

Wala usiniambie sikuwepo. Mwaka wa yale mafuriko makubwa, ilipoonyeshwa hiyo ya A-Hok kwa ajili ya waliopoteza nyumba, alikuja afisa kutoka mkoani na hotuba yake, na watu wa televisheni nyuma yake. Afisa akawahi treni. Wale wa televisheni wakabaki, wakaniwashia taa lao usoni, nikasimulia robo nzima ya filamu nikiwa kipofu. Mtu ambaye hakuwepo anaumwa macho?

Bibi


Taipei, 8 Julai

Shikamoo Bibi, shikamoo tena,

Punda amefika.

Nilikuwa nafanya upumbavu. Nilikuwa nakutafuta ndani ya filamu, na wewe hukuwa ndani ya filamu, ulikuwa kando yake. Nikaacha filamu, nikaacha jina lako. Nikaingia ghala la habari za televisheni nikauliza mambo matatu tu: Khamtau, mafuriko, afisa wa mkoa. Likatoka jibu moja, la Oktoba 1963. Maelezo yake ni mafupi: «Afisa awafariji waathirika, ukumbi wa sinema, Khamtau. Bila sauti.»

Dakika ya kwanza ni afisa. Anasema, anasema, anapeana mikono, anatoka. Kisha kamera inageuka, nadhani mpiga picha alishtushwa na kicheko cha watu. Ndipo nikakuona. Una nywele fupi na gauni la maua, mkono mmoja kiunoni, kipaza sauti umekishika kama unataka kukigombeza. Pua ni yenyewe. Bibi, nililia pale pale kwenye meza ya wasomaji. Watu wamejaa mpaka ngazini, wengine wana matope mpaka magotini, na wote wanakutazama wewe kuliko skrini.

Na skrini inaonekana nyuma yako. Kwa ile sura ya ngazi na mwanamke aliyeshika kola, mwenzangu wa historia ameitambua filamu. Ni ya Italia. Kijana si mtia makaa, ni mwizi. Yule mwanamke si mama yake, ni mwenye nyumba, anadai kodi ya pango. Na mwishoni anamfukuza. Bibi, ulikuwa unawaambia nini watu?

Jambo moja zaidi. Nyuma yako yupo kijana mwembamba mwenye birika. Wewe unagonga kipaza sauti kwa kidole mara mbili, yeye anakuja, anakumiminia chai kwa mikono miwili, anarudi nyuma bila kukupa mgongo. Ana masikio makubwa, na anatembea kama amebeba trei ya mayai. Ni nani huyo?

Mjukuu wako mwenye fahari,
Ju-yin


Khamtau, 15 Julai

A-Yin wangu,

Barua yako nimemsomea A-Chu, na mke wa muuza tofu, na daktari wa meno ambaye hakuuliza.

Niliwaambia nini watu? Niliwaambia walichokuwa wanakihitaji. Mito imewachukulia nyumba, wamelala hekaluni siku kadhaa na watoto wao, wamekuja kukaa gizani wapumzike kidogo. Unataka niwaambie, tazameni, huyu mwanamke anadai kodi? Nilimtazama usoni yule Mwitaliano, alikuwa na midomo ya mtu anayemkaripia mwanawe. Nikamfanya mama. Kijana alipotoka mlangoni mwishoni na mabegi, nikasema anakwenda nyumbani na mama yake. Hakuna aliyenirudishia tiketi.

Huyo mwenye birika unamjua, umeshajibu mwenyewe. Ni Lau Thian-sai.

Alikuja kwangu akiwa hana sauti ila ya kuitia bata. Nilimfundisha misimu mitatu. Nilimfundisha pumzi, nilimfundisha kulia bila kuziba pua. Alikuwa mwepesi, akawa mzuri sana, na sitasema vinginevyo kwa sababu ya mwanawe. Nilipopata mimba ya baba yako nikamkabidhi kipaza sauti. Aliniomba jambo moja, nisimwambie mtu kwamba alifundishwa na mwanamke, watu wangemcheka mpaka akauze mchele. Nikamwahidi. Baadaye mtoto alipokua kidogo nikarudi na kikapu cha mbegu, kwa kuwa sikuweza kukaa mbali na mlango ule. Huyo Ping-hui hasemi uongo. Aliniona na mbegu kweli. Aliyonayo ni nusu ya pili ya filamu.

Kwa hiyo sikiliza. Mpelekee picha yangu na kipaza sauti. Ile ya chai ikate. Nataka jina langu, sitaki aibu ya marehemu. Nimekaa na neno lake miaka yote hii na sijalimwaga hata kwa babu yako, sitalimwaga leo kwa ajili ya ukuta.

Bibi


Taipei, 9 Agosti

Shikamoo Bibi,

Nilifanya ulivyosema, imekataa.

Nilimpelekea Mwalimu Lau picha moja tu, wewe na kipaza sauti. Amenijibu kwa adabu kwamba kipaza sauti hata mtu anayetangaza mtoto aliyepotea hukishika. Amesema kamati itaacha nafasi moja tupu ukutani, na siku ya ufunguzi kipande chote kionyeshwe mbele ya wazee wanaokumbuka, wao ndio waamue. Sikuona kiburi kwenye barua yake. Nadhani anaogopa kukosea pande zote mbili.

Nikaomba kituo cha televisheni ruhusa ya kuonyesha. Wametoa, kwa sharti kwamba picha za habari hazikatwi. Zionyeshwe zote au zisionyeshwe kabisa. Na chai iko katikati, Bibi, haikwepeki.

Ukisema niache, naacha. Kwangu mimi imetosha, nimeshakuona. Lakini nitaumia kila nikiiwaza ile nafasi tupu.

Ju-yin


Khamtau, 20 Agosti

A-Yin,

Nimefikiri. Wewe lete picha, yote. Umesema haina sauti?

Maneno ni kazi yangu.

Bibi


Taipei, 15 Septemba

Bibi,

Usinicheke. Nina tetekuwanga. Katika umri huu. Daktari amenifungia ndani, haniruhusu kupanda treni wala kukaribia wazee. Filamu nimeituma kwa mkono wa mwenzangu wa historia, atakuja nayo na kuiwasha.

Nimetafuta kitu hiki nusu mwaka na siku yenyewe nitakuwa kitandani najikuna. Niambie kila kitu. Usiniambie kama barua, nisimulie.

Ju-yin


Khamtau, 21 Septemba

Mjukuu wangu mwenye madoadoa,

Kaa vizuri, acha kujikuna, tazama mbele.

Ukumbi umejaa mpaka ngazini. Nimevaa gauni la maua, si lile, lile lingenibana kama sweta lako. Meya anasema, anasema, anapeana mikono. Wananikalisha mstari wa mbele karibu na Mwalimu Lau, naye amenyooka kwenye kiti utadhani anasubiri sindano. Mbele yetu kuna meza ya wageni yenye maua na birika. Taa zinazimwa. Anatokea afisa wa zamani, mdomo unacheza, hakuna sauti. Watu wanaanza kukohoa. Mimi nikasimama, nikapanda, nikamnyang'anya kijana wa kamati kipaza sauti.

Nikawaambia, huyu bwana anasema anawaonea huruma sana ila ana treni ya kuwahi. Wakacheka. A-Yin, sikukisikia kicheko. Nilikiona. Mabega yote yalitikisika kwa pamoja, kama zamani, na nikajua nimewashika.

Kisha nikatokea mimi kwenye skrini. Nikasema, na huyu msichana mwenye pua ni Ong Bi-kiok, tazameni anavyojisikia. Wazee wa nyuma wakanyoosha vidole. Mama Khoo wa duka la taa akasimama akapaza sauti, nikamsoma midomo: anasema, A-Hok. Anasema, Stesheni Tano. Wakasimama na wengine.

Ikaja chai. Nilikuwa nimeitayarishia maneno tangu Agosti. Yule msichana akagonga kipaza sauti, kijana akaja na birika, nami nikasema: na huyu ni Lau Thian-sai, mwenye sauti ambayo mji huu hautaipata tena. Jioni hii amekuja kumpa pole mwenzake, maana taa la televisheni limemchoma macho. Nikamfanya mgeni mwenye huruma. Ilikuwa nzuri, hata wewe ungeamini.

Picha ikaisha, taa zikawashwa. Mwalimu Lau alikuwa amesimama. Uso umelowa wote. Nilidhani ataondoka, na moyo ulinishuka, kwa sababu neno lile nilikuwa nimelificha kadiri ya uwezo wangu wote. Lakini huyo ni mtoto aliyemimina chai kando ya skrini ile tangu ana miaka tisa. Mikono miwili ile, na kurudi nyuma bila kutoa mgongo, yeye anajua maana yake kuliko mtu yeyote mle ndani. Maneno yangu yangeweza kumdanganya. Birika la baba yake halikuweza.

Akachukua birika la pale mezani, akapanda. Akamimina kikombe, akanikabidhi kwa mikono miwili mbele ya mji mzima. Akasema kitu. Sikusikia, nikamtazama midomo. Alisema, «Bibi Mwalimu, kunywa. Baba angetaka nikumiminie.» Kisha akarudi nyuma bila kunipa mgongo, mpaka mwisho wa jukwaa, na Mungu anajua nilikuwa naogopa ataanguka.

Nikanywa. Chai yenyewe ilikuwa imepoa na majani yamezidi, ila nilimaliza yote. Nililia pia. Sikuziba pua.

Fundi alimaliza jana jioni. Mwalimu Lau alitaka jina langu liwekwe juu ya la baba yake. Nikakataa, nikamwambia liwekwe kando, pale ndipo nilipozoea kusimama.

Leo asubuhi nimepita nikienda kununua tofu. Nimelisoma. Kisha nikaenda tena, ingawa tofu nilikuwa nayo tayari mkononi.

Pona uje ulisome na wewe.

Msimulizi wa Ukumbi wa Tai-hong,
Ong Bi-kiok